Akwariamu ya kwanza ya bahari mjini Goma: hesabu pumzi, si lita

Anayeanza akwariamu ya maji ya bahari huuliza kwanza: kwenye kioo cha lita 100 naweza kuweka samaki wangapi? Wauzaji hujibu kwa lita, au kwa sentimita za urefu wa samaki, na mara nyingi jibu huwa wanne au watano wadogo. Hesabu hiyo ilitungwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, katika nyumba ambazo umeme haukatiki. Ukiileta Goma bila kuigusa, itakuulia samaki. Hapa mimi nasema watatu, na huyo wa tatu aingie baada ya miezi, si wiki. Sababu zake hazina uchawi. Ukizifuata moja baada ya nyingine utaweza kupanga tangi lako mwenyewe bila kumtegemea anayetaka kukuuzia.

Hewa ya mita 1,460

Oksijeni huingia majini kwa kusukumwa na uzito wa hewa iliyo juu yake. Pwani ya Mombasa hewa hiyo ni nzito. Kwetu, ambako hata uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, uzito umepungua kwa karibu asilimia 15, na oksijeni inayoweza kukaa majini hupungua kwa kiasi hicho hicho. Chumvi nayo huifukuza. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi, yenye joto la nyuzi 25, kwenye usawa wa bahari hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni. Yatie chumvi ya bahari, zinabaki kama 6.8. Yapandishe hadi Goma, zinabaki kama 5.7. Hapo pampu inafanya kazi vizuri na maji yanapinduka uso kwa uso na hewa. Hicho ndicho kiwango chako cha juu. Kutoka hapo ni kushuka tu.

Na wanaopumua si samaki peke yao. Konokono wanapumua, minyoo ya kwenye mwamba inapumua, bakteria wanaosafisha maji nao wanapumua. Mwani hutoa oksijeni mchana, lakini usiku nao huitumia, ndiyo maana saa mbaya kabisa katika tangi lolote ni alfajiri kabla taa hazijawaka.

Sasa weka juu yake umeme wa kwetu. Ukikatika saa nne usiku, uso wa maji unatulia, na maji yaliyotulia hupokea oksijeni polepole mno. Samaki wanaendelea kuvuta ile iliyobaki. Tangi lenye samaki watano lina saa chache kabla hawajaanza kupanda juu kuhema. Tangi lenye watatu wadogo lina nafasi nzuri ya kufika asubuhi. Hii ndiyo maana ya kuhesabu pumzi: unaweka idadi ambayo maji yanaweza kuibeba usiku mbaya, si idadi inayopendeza mchana wa jua.

Watu wengi umeme ukikatika huogopa baridi kwanza, na hapo ndipo betri hupotea bure. Chukua betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, zile zinazotumika kwenye vifaa vidogo vya sola. Ina wati-saa 84 hivi. Hita ya wati 100 itaimaliza kabla saa moja haijatimia. Pampu ndogo ya hewa ya wati 5 itaendeshwa nayo usiku karibu wote. Kwa hiyo betri ni ya hewa tu. Joto lihifadhi kwa blanketi lililozungushwa kwenye kioo, ukiacha sehemu ya juu wazi ili hewa ipite. Usiku wa Goma hushuka hadi nyuzi 15 hivi, lakini maji mengi hupoa polepole, na samaki anayeshuka taratibu kutoka nyuzi 25 hadi 22 huwa hadhuriki. Anayekosa hewa hana muda huo.

Kama unatumia kichujio cha ndoo kilichofungwa, umeme ukirudi baada ya saa nyingi usikiwashe moja kwa moja. Ndani yake bakteria wamekosa hewa na wengine wamekufa; maji yaliyomo yameharibika na yatamwagwa juu ya samaki wako. Fungua, mwaga, suuza kwa maji ya tangi lenyewe, kisha washa. Kwa anayeanza naona ni heri kuacha kabisa vichujio vya aina hiyo na kutegemea mwamba ndani ya tangi na pampu ya kuzungusha maji.

Jambo jingine la nyumba zetu ni makala, yaani makaa ya kupikia. Mbabula, lile jiko la makaa, ikiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, kaboni dioksidi hujaa hewani, huingia majini na kuteremsha pH, kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi. Tangi liwekwe mbali na jiko, katika chumba chenye madirisha yanayofunguliwa. Katika mitaa yenye mazuku, ile kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni, sihitaji kumwambia mtu asiweke kitu chenye uhai kwenye chumba cha chini. Wenyeji wanajua vizuri kuliko mimi. Na kwa kuwa ardhi hii hutikisika, meza ya tangi iwe fupi, ya chuma au mbao nzito, ikae sakafuni na si ghorofani, na maji yasijae hadi ukingoni. Tangi la lita 100 likishatiwa mchanga na mwamba hukaribia kilo 150.

Ziwa liko mlangoni, na halifai

Maji ya Kivu yana madini kuliko maziwa mengi, na wapo wanaodhani kwamba kwa sababu hiyo yako karibu na bahari. Yana takriban gramu moja ya madini kwa lita. Bahari ina 35. Tena gramu hiyo moja ni ya aina tofauti: imejaa kaboneti na magnesiamu, na pH ya maji ya juu ya ziwa huzunguka 9, wakati bahari ni 8.1 au 8.2. Ukitia chumvi ya akwariamu ndani ya maji ya Kivu, kalsiamu ya chumvi hiyo inakutana na kaboneti za ziwa, maji yanageuka meupe na chokaa inatanda chini. Umeshaharibu chumvi ya gharama kabla ya kuona samaki. Maji ya bomba ya Regideso, shirika la maji, hapa mjini yanatoka ziwani humo humo, na yameongezwa klorini.

Mvua ingekuwa jibu zuri katika mji mwingine. Hapa inapita katika moshi wa volkano ya Nyiragongo na kushuka na asidi na floridi, halafu inateremka juu ya mabati na kubeba zinki. Samaki anaweza kuvumilia zinki kidogo. Kamba, konokono na matumbawe hawawezi.

Yanayobaki ni maji yaliyosafishwa hadi yakabaki maji matupu: yamepitishwa kwenye utando wa osmosi, kisha kwenye resini inayokamata madini yaliyoponyoka. Mashine ya nyumbani inahitaji msukumo wa maji ambao bomba zetu hazina kila siku, kwa hiyo nunua yenye pampu yake, na ujue kwamba kwa kila lita safi utamwaga kama tatu au nne. Hizo zitumie kufulia na kuoshea. Asiye na mashine anaweza kununua maji ya betri, yale yasiyo na madini yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari na za sola. Soma chupa kwa makini kabisa, maana asidi ya betri huuzwa kwenye duka hilo hilo, wakati mwingine kwenye rafu hiyo hiyo. Vyovyote utakavyopata maji yako, yapime kwa kipimo kidogo cha umeme kinachosoma madini yaliyoyeyuka. Kikisoma 0 hadi 5, endelea. Kikisoma 200, rudisha. Maji ya chupa ya kunywa hayafai hata yakiwa matamu kiasi gani, kwa sababu yameachiwa madini makusudi.

Chumvi ni ile ya akwariamu za bahari tu. Chumvi ya jikoni ni sodiamu na kloridi, pengine na madini ya joto. Bahari ina pia magnesiamu karibu miligramu 1,300 kwa lita, kalsiamu zaidi ya 400, potasiamu na vingine, na mwili wa kiumbe wa bahari umejengwa juu ya mchanganyiko huo. Tangi la lita 100 likiwa na mwamba na mchanga hubakiwa na maji kama lita 85, kwa hiyo kilo tatu na kidogo za chumvi zinatosha kuanza. Changanya kwenye beseni au pipa safi, acha pampu izungushe siku nzima, halafu pima uzito wa maji kwa rifraktomita, kifaa kidogo cha kupimia chumvi ya maji: 1.025 ndiyo unayoitafuta.

Kuanzia hapo kuna kanuni moja ambayo wanaoanza huivunja kwa nia njema kabisa. Maji huvukiza, chumvi haivukizi. Lita tano zikipotea kati ya 85, ile chumvi ya gramu 35 kwa lita imekuwa zaidi ya 37, na konokono wameanza kuteseka. Anayejaza pengo hilo kwa maji ya chumvi anaongeza chumvi juu ya chumvi. Pengo la mvuke hujazwa kwa maji matupu, kidogo kidogo, kila siku. Weka alama kwa kalamu kwenye kioo. Maji ya chumvi hutumika tu unapotoa maji machafu na kuweka mapya, mathalani lita 10 kila wiki.

Kuhusu mawe, najua mkono unavutwa na yale yaliyotapakaa uani. Mawe yetu ya volkano yana matundu mengi na bakteria wangekaa humo bila shida. Lakini si chokaa, hayasaidii kushikilia pH, na yana chuma na metali nyingine ambazo sipendi kuziacha zilowe miezi na miaka ndani ya maji ya kamba. Kilo 8 hadi 10 za mwamba mkavu wa matumbawe yaliyokufa zamani, pamoja na mchanga mweupe wa aragoniti, ambayo ni aina ya chokaa, ni mzigo mkavu usiokufa njiani. Hapo ndipo pesa iende.

Wiki ambazo tangi linaonekana tupu

Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake kila dakika. Bahari inaimeza. Katika kioo, amonia lazima ibadilishwe na bakteria kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha na bakteria wengine kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Bakteria hao hawapo siku ya kwanza, na hukua polepole: wiki nne hadi sita ni kawaida. Katika maji ya bahari jambo hili ni kali kuliko katika maji ya mtoni, kwa sababu kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka kuwa ile inayochoma matamvua. Kwenye pH 8.2 sehemu hiyo ni zaidi ya mara kumi ya ile ya pH 7.

Kwa hiyo tia mwamba, mchanga na maji, washa pampu na hita, weka amonia safi isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, kisha subiri huku ukipima. Siku utakayoweka amonia hiyo na kesho yake kipimo cha amonia na cha nitriti vyote viwili vikasoma sifuri, tangi liko tayari. Chupa za bakteria zipo, ila zikishakaa juani na kwenye maghala ya njiani, sijui ni wangapi wanaofika hai, na mimi nisingeacha vipimo kwa sababu yake. Kufungulia tangi kwa samaki “wa kujaribia” ni ukatili. Anachomwa matamvua ili wewe uokoe wiki chache.

Utando wa kahawia utatokea kwenye mchanga. Ni mwani wa mwanzo, hupungua wenyewe. Hapo ndipo konokono wachache wa Trochus wanaingia, pamoja na kaa wawili watatu wa wale wanaoishi ndani ya makombe matupu. Waache mwezi mmoja.

Nani aingie, na kwa zamu gani

Wa kwanza awe mwenye haya, wa mwisho awe mwenye ubabe. Ukigeuza mpangilio huu, aliyetangulia atalichukua tangi lote kuwa lake na mgeni hatapata pa kujificha.

Kwa sababu hiyo ningeanza na gobi wa manjano, Cryptocentrus cinctus. Hazidi sana sentimita 8, anakaa chini mchangani, na anaweza kuishi na kamba mfyatuaji wa jamii ya Alpheus. Kamba huyo haoni vizuri. Anachimba shimo siku nzima huku pembe yake moja imemgusa gobi, na gobi akitikisa mkia wote wawili wanaingia ndani. Ni mkataba wa kweli wa baharini, na unaweza kuuangalia ukiwa sebuleni Himbi au Majengo. Katika tangi dogo hakuna kitu kinachonifurahisha kuliko hicho. Yupo pia Nemateleotris magnifica, mweupe mbele na mwekundu nyuma, anayepatikana hata katika miamba ya Afrika Mashariki. Ni mpole na anakula vizuri, lakini huruka nje akishtuka, kwa hiyo tangi lake lifunikwe kwa wavu, si kwa kioo, ili hewa ipite.

Halafu, baada ya mwezi au zaidi, wanakuja samaki klauni wawili, Amphiprion ocellaris, waliozalishwa utumwani. Nasisitiza neno hilo la mwisho. Samaki aliyezaliwa katika tangi anakula chakula kikavu tangu utotoni, na katika mji ambao friji huyeyusha na kugandisha tena, chakula kikavu ndicho pekee unachoweza kukiamini. Pia hujui aliyetolewa baharini alikamatwa vipi. Huko Ufilipino na Indonesia sianidi imetumika kuwalevya samaki, na aliyelevywa anaweza kufa wiki kadhaa baadaye bila dalili unayoielewa. Nunua wadogo wawili wasiolingana ukubwa. Klauni wote huanza wakiwa na uwezo wa kuwa madume. Anayetawala hugeuka jike, na mwenzake hubaki dume. Wakilingana watapigana hadi mmoja atawale. Hawahitaji anemoni, yule kiumbe laini wa mwambani ambaye huishi naye baharini. Anemoni anataka mwanga mkali na tangi lililokomaa, na akifa katika lita 85 anaweza kuchafua maji ya wote kwa usiku mmoja.

Gobi mmoja na klauni wawili: hao ndio watatu wangu. Ukipenda ongeza kamba msafishaji, Lysmata amboinensis, ambaye pumzi yake ni ndogo.

Wa kukataa hata ukipewa bure: Paracanthurus hepatus, yule wa buluu anayependwa na watoto, kwa sababu hukua hadi sentimita 30 na ni mwogeleaji wa masafa. Mandarini, Synchiropus splendidus, kwa sababu anakula vijidudu hai siku nzima na tangi jipya halina vya kumtosha. Atakonda mbele ya macho yako. Na wale wadogo wa buluu wa jamii ya Chrysiptera, ambao huuzwa kwa anayeanza kwa kuwa ni wagumu kufa. Ugumu huo unaandamana na ugomvi usioisha.

Safari kutoka pwani

Kenya husafirisha samaki wa mapambo kutoka pwani yake, na kati ya Mombasa na Goma kuna zaidi ya kilomita elfu moja hata kwa njia ya moja kwa moja. Njia inayoeleweka ni ndege hadi Kigali, kisha barabara ya takriban kilomita 150 hadi Rubavu, halafu mpaka. Uliza saa za mpaka siku hiyo hiyo, uwe na hati ya afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa nchi wanakotoka, na ukitaka matumbawe magumu kumbuka kwamba yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na yanahitaji kibali cha nchi inayoyatoa.

Mfuko uliofungwa karibu na usawa wa bahari utafika umevimba, kwa sababu hewa ya nje huku ni nyepesi. Mwambie anayefunga asijaze hadi ukakamae.

Ndani ya mfuko huo samaki amepumua saa nyingi. Kaboni dioksidi imejaa na kuteremsha pH, na amonia yake imejaa pia, ila kwa pH ya chini haimchomi. Ukifungua, gesi inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka sumu akiwa bado anaogelea ndani yake. Ndiyo maana ushauri wa kumdondoshea maji tone kwa tone kwa saa mbili, ambao unafaa kwa samaki aliyetoka mtaa wa pili, ni hatari kwa aliyesafiri mchana kutwa. Muulize muuzaji kabla kiwango cha chumvi cha maji yake, andaa beseni lenye kiwango hicho hicho, acha mfuko uliofungwa uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, fungua, na mhamishe samaki mara moja bila maji ya mfuko.

Beseni hilo ni la karantini, si tangi lenyewe: lita 40, hita, sifongo yenye bakteria iliyokuwa imekaa ndani ya tangi kubwa, vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Akae wiki nne. Madoa meupe ya Cryptocaryon yakitokea na kisha kutoweka, hajapona. Vimelea vimeshuka chini kuzaliana na vitarudi vikiwa vingi. Dawa yake ya shaba hutibu samaki na kuua kamba na konokono, kwa hiyo hutolewa ndani ya beseni pekee. Mjini kwetu dawa hizi hazipo dukani, na wiki hizo nne ndizo kinga yako.

Samaki wa nne

Baada ya miezi sita, kama amonia na nitriti ni sifuri na nitrati haipiti miligramu 20 kwa lita, tangi linaweza kuulizwa. Amka kabla taa hazijawaka, zima pampu zote kwa saa moja, na ukae hapo hapo bila kuondoka. Wakipanda juu, au matamvua yakianza kwenda mbio, washa mara moja: tangi lako limejaa kwa samaki watatu na hakuna ubaya katika hilo. Wakibaki mahali pao saa nzima wakipumua kwa utulivu, unaweza kuagiza mmoja mpole, mathalani Pterapogon kauderni wa visiwa vya Banggai, aliyezalishwa utumwani, na umpitishe kwenye beseni la karantini wiki nne kama waliomtangulia.